Bahari inasingiziwa: familia inapohamia mji wa ufukweni

Familia ikitangaza kwamba inahamia mji wa ufukweni moja kwa moja, jamaa huwa na jibu moja: pale ni pa kupumzikia, si pa kulelea watoto. Anayehama huonekana mvivu, au mtu aliyelewa na likizo moja akadhani maisha yote yatakuwa vile. Wapo kweli waliokwenda na ulevi huo wakarudi kimyakimya. Lakini hoja dhidi yao hutolewa kwa wepesi mno, na mara nyingi humbebesha lawama asiyehusika, yaani bahari.

Yaliyo kweli tuyakubali upesi. Ajira nyingi za huko huenda na msimu: wageni wakijaa, watu hupiga zamu mbili, wakiondoka, hoteli hupunguza wafanyakazi. Hewa ya chumvi hula chuma. Bawaba za milango huliwa, misumari ya paa huliwa, na zege likiwa jembamba juu ya nondo, kutu huvimba ndani mpaka linapasuka na kubanduka. Aliyeikagua nyumba mara moja, siku ya jua, hayapigii hesabu hayo. Tena bahari inapanda. Kwa mujibu wa ripoti ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, ya mwaka 2021, kati ya 2006 na 2018 kina kilipanda kwa takriban milimita 3.7 kwa mwaka. Kwa mkopo wa nyumba wa miaka 20, hizo ni kama sentimita 7. Zenyewe tu hazimtishi mtu. Dhoruba ikikutana na bamvua, yaani maji yanapojaa kupita siku nyingine, zinaanza kuhesabika.

Hofu ya watoto kuzama nayo ni halali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa chini ya miaka mitano. Ila wadogo hao hufia pia visimani, mitoni, mabwawani na kwenye vyombo vya kuhifadhia maji nyumbani, kwa hiyo kukaa mbali na pwani hakumkingi mtoto. Anachohitaji ni jicho la mtu mzima, kufundishwa kuogelea, na kuambiwa mapema kwamba mkondo ukimvuta kwenda kilindini asishindane nao kurudi moja kwa moja, aogelee sambamba na ufukwe mpaka autoke. (Kuzaliwa karibu na maji hakumfundishi mtu kuogelea, ingawa wazazi wengi huamini hivyo.)

Kinachonisumbua zaidi ni takwimu mbili kutoka England, ambazo ukizisoma pamoja unaweza kudhani mojawapo ni ya uongo. Uchambuzi wa sensa ya 2001, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba kadiri watu walivyoishi karibu na bahari ndivyo wengi zaidi walivyosema wana afya njema, na manufaa hayo yalionekana zaidi kwenye maeneo maskini. Miaka tisa baadaye, 2021, mganga mkuu wa serikali, Chris Whitty, alitoa ripoti nzima kuhusu miji ya pwani ya nchi hiyohiyo akasema hali ya afya huko ni miongoni mwa zilizo mbaya kabisa. Sasa tumwamini nani?

Wote wawili. Uchambuzi wa kwanza ulizingatia umri na umaskini wa maeneo kabla ya kupima umbali kutoka baharini. Ripoti ya pili iliitazama miji ilivyo: kazi za msimu, nyumba duni, wazee wengi, na madaktari na wauguzi wachache kwa kila mgonjwa, kwa kuwa ni vigumu kuwapata wa kwenda huko na wakakaa. Maji ya chumvi hayakumfukuza daktari yeyote. Wanaowaambia wazazi wasihamie pwani kwa sababu huduma ni mbovu wanataja tatizo la kweli, kisha wanashauri kitu kitakacholizidisha.

Maana huduma hufuata watu wanaokaa mwaka mzima. Itazame nyumba ya kupanga iliyo hatua chache kutoka mchangani. Mwenye nyumba anatoa mkataba wa miezi tisa, kisha mpangaji anatakiwa kutoka ili chumba kilekile kikodishwe kwa wageni kwa bei ya usiku mmoja mmoja. Mama anafunga vitabu vya shule kwenye maboksi wakati muhula bado haujaisha, na wiki ile mtoto hajui atalala wapi. Familia ya namna hiyo ikichoka na kuondoka, darasa linapungua watoto wawili. Zikiondoka kumi, shule inaunganisha madarasa, mwalimu mmoja anahamishwa, na mzazi aliyekuwa akisitasita anapata sababu ya kuondoka. Mwaka 2016 wakazi wa St Ives, mji wa pwani huko Cornwall, England, walipiga kura, na zaidi ya asilimia 80 wakaunga mkono kwamba nyumba mpya ziwe za wanaoishi humo kweli, si makazi ya pili. Hatua hiyo haikuzigusa nyumba za zamani, kwa hiyo ilikuwa nusu dawa, lakini wapiga kura wale waliujua ugonjwa wao vizuri kuliko wanaolaumu upepo.

Wenyeji wana pingamizi moja ambalo watetezi wa kuhamia pwani hulikwepa. Anayekuja na mshahara wa mjini, akifanya kazi kwa kompyuta, naye hupandisha kodi, na mwenye nyumba hamwulizi kama ana watoto au la. Ni kweli, na anayehama asijifanye haoni. Hata hivyo, mhamiaji huyu, mtoto wake yumo darasani, akiugua anapanga foleni kwenye zahanati ileile, na barabara ikiharibika anapiga kelele kwenye mkutano wa mtaa. Aliyenunua nyumba akaifunga miezi kumi amepandisha bei vilevile, na darasani hakuongeza mtu.