Pamba Safi Asilimia Mia Moja

Ikiwa kavu, suruali yangu ina uzito wa gramu 430. Ilipotoka kwenye darasa langu la kwanza la yoga ya joto, ilikuwa na uzito wa gramu 1,110. Takwimu hizi ni za kuaminika, kwa kuwa nilizipata kwa mizani ya jikoni, mlango ukiwa umefungwa, huku mke wangu akiuliza kutoka upande wa pili ni kitu gani ninachokipima saa nne za usiku kinachodondosha maji namna ile. Zile gramu 680 za tofauti zilikuwa jasho langu halali, na ndizo zilizoniumbua mbele ya watu zaidi ya ishirini na kioo kimoja kilichoenea ukuta mzima.

Mkosaji wa kwanza ni mgongo wangu, ambao kwa miezi kadhaa ulikuwa umekataa kuinama bila kutoa sauti ya mlango wa zamani. Binti yangu, ambaye ni mzoefu wa madarasa hayo, alinishauri nijaribu yoga ya Bikram. Alinieleza kwamba chumba hupashwa moto hadi nyuzijoto 40 hivi za Selsiasi, unyevu wa hewa ukiwa karibu asilimia 40, na kwamba watu hukaa humo dakika 90 wakipitia mikao 26, miwili kati yake ikiwa mazoezi ya kupumua. Kisha, bila kuombwa, akanipa maagizo ya mavazi.

"Baba, nakuomba usivae pamba. Vaa bukta ya nailoni inayobana na kuvutika, ya rangi nyeusi, na juu usivae kitu."

"Usivae kitu?"

"Wanaume wengi huwa vifua wazi, Baba. Hakuna anayetazama."

Nilimshukuru kwa upole na kuamua kutotekeleza hata neno moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunaambiwa, lakini wahenga hawakuacha onyo lolote kwa mkuu asiyesikia la mtoto wake, na mimi niliitumia nafasi hiyo kikamilifu. Nina wajukuu wawili na kitambi cha miaka ishirini. Sikuona ni kwa njia gani kitambi hicho kingeongezewa heshima kwa kubanwa na nailoni.

Nikafanya uteuzi wangu kwa hoja. Tangu utoto nimejua kwamba joto likizidi mtu huvaa pamba, tena iliyopwaya, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Kwa hiyo nilichukua suruali pana ya pamba nzito, ya rangi ya kijivu hafifu, inayofungwa kiunoni kwa kamba, na ile kamba nikaifunga kwa ulegevu ili tumbo lipate nafasi ya kupumua, kwa maana niliambiwa kuna mazoezi ya kupumua. Juu nilivaa fulana kubwa, mpya, ya rangi ya damu ya mzee, ambayo lebo yake ilitamka wazi kwamba ni pamba safi asilimia mia moja. Sikuifua kwanza, kwa sababu niliona ni aibu kwenda ugenini na nguo iliyokwisha kupauka. Ndani nilivaa chupi yenye picha za bata wa manjano, zawadi ya wajukuu, nikiwa na hakika kwamba hilo lingebaki kuwa jambo baina yangu na wao.

Nilitandika mkeka wangu mstari wa nyuma kabisa, kwenye kona. Jirani yangu alikuwa bibi mmoja mwembamba, aliyepita miaka sabini kwa kila dalili, amevaa bukta fupi nyeusi na kiblauzi kilichombana kama ganda la pili, na ametandaza taulo jeupe juu ya mkeka wake kwa unadhifu wa kitanda cha hoteli. Alinitazama kuanzia shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Mwanangu, hukuja na suruali nyingine?"

"Ninazo nyumbani, mama," nilimjibu kwa fahari, "ila hii ndiyo bora kuliko zote."

Hakusema neno tena. Alivuta taulo lake kidogo upande wa pili.

Ndani ya dakika kumi nilianza kuelewa kwamba hoja zangu zote zilikuwa sahihi, ila zilihusu mahali pengine. Pamba humfaa mtu aliye penye upepo na hewa kavu, kwa sababu jasho hukauka juu ya kitambaa na kuondoka na joto la mwili. Chumbani mle hapakuwa na upepo, na hewa ilikuwa imekwisha kushiba unyevu wa pumzi za watu ishirini, hivyo jasho halikuwa na pa kwenda. Nailoni na poliesta hazina hamu kubwa ya maji, na kinachotoka mwilini hupita na kudondoka chini. Uzi wa pamba, kinyume chake, huyapokea maji hadi ndani ya moyo wake na kuyaweka kama amana. Suruali yangu haikupoteza tone. Ilianza kubadilika rangi nyuma ya magoti, kisha kwenye makalio, na kwa kuwa kijivu hafifu kikilowa hugeuka karibu cheusi, madoa yale yalitambaa na kuungana hadi nikaonekana kwenye kioo kama mtu aliyechorewa ramani ya bara lisilojulikana, lenye maziwa makuu sehemu zisizo za heshima.

Katika mkao wa tai, ambao humtaka mtu azungushe mguu mmoja juu ya mwingine kama kamba inayosokotwa, nguo ilijikunja katikati ya mapaja yangu kiasi kwamba nilikuwa nimezungushia mguu furushi. Hata hivyo nilistahimili. Balaa lenyewe lilikuwa kwenye mkao wa upinde wa kusimama.

Mkao huo unahitaji mtu asimame kwa mguu mmoja, aushike mwingine kwa nyuma karibu na kifundo, anyooshe mkono wa pili mbele, kisha ausukume mguu ule nyuma na juu kwa nguvu zake zote. Mimi nilidhani nimeshika kifundo. Kumbe nilikuwa nimeshika pindo la suruali, lililokuwa limening'inia kwa uzito na kuufunika mguu hadi kisiginoni. Mwalimu alisema kwa sauti tulivu, "Sukuma, sukuma zaidi, usiache kusukuma," nami, ambaye sijawahi kuitwa mvivu, nikasukuma. Mguu uliteleza ndani ya suruali kama samaki, mkono ukabaki umekamata pindo, na kiuno cha suruali, chenye ile kamba niliyoilegeza kwa huruma ya tumbo, kikashuka chini kwa mkupuo mmoja hadi magotini.

Kutoka kwenye kioo, bata wote walinitazama.

Mtu anaweza kudhani kwamba suruali iliyoshuka kwa urahisi hupanda kwa urahisi. Sivyo. Pamba iliyolowa hushikamana na ngozi kama plasta, na kila nilipovuta upande wa kulia, wa kushoto ulizidi kujiviringa. Jasho jembamba lilinitoka juu ya lile nene. Niliinama ili nitumie mikono yote miwili, na hapo fulana, ambayo nayo ilikuwa imebeba sehemu yake ya maji, ikaporomoka kutoka mgongoni, ikanifunika kichwa na kuninata usoni. Sikuona kitu. Nikivuta pumzi, fulana iliingia kinywani. Nikiitoa, ilirudi tu pale pale. Mficha uchi hazai, nilijikumbusha gizani mle, lakini mimi nilikwisha kuzaa na nilitaka sana kuuficha.

"Mwanafunzi wetu mpya pale nyuma," mwalimu alisema bila kupandisha sauti, "jitazame machoni kupitia kioo, na usishughulike na mavazi."

Nilipiga hatua moja ya kutafuta mizani. Miguu iliyofungwa magotini haipigi hatua. Nilianguka kifudifudi, taratibu, kwa heshima zote, juu ya lile taulo jeupe la bibi, ambaye alikuwa amekwisha kusogea pembeni akiwa bado amesimama kwa mguu mmoja na upinde wake haujatikisika. Ninakiri kwamba hilo lilinikera kuliko kuanguka kwenyewe.

Nilipojikwamua, taulo lilikuwa na picha yangu. Fulana mpya ilikuwa imechuja rangi kwa ukarimu, na katikati ya weupe ule palikuwa na kitambi cha damu ya mzee, kilichokamilika hadi alama ya kitovu. Bibi alikiangalia kwa muda, akashusha mguu, akanirushia kitaulo kidogo cha mkono, kisha akahamia mguu wa pili.

Sikuruhusiwa kutoroka, kwa maana mgeni hushauriwa abaki chumbani hata kama hawezi zaidi ya kulala. Nililala. Nadhani mkao wa maiti haujawahi kufanywa kwa uaminifu kama nilivyoufanya mimi kwa muda uliobaki, suruali nikiwa nimeipandisha na kuikamata kiunoni kwa mikono yote miwili.

Baada ya kipimo cha mizani nilimpigia binti yangu simu. Alicheka muda mrefu, akaomba radhi, akacheka tena. Kesho yake nilinunua bukta ya kubana, isiyo na hata uzi mmoja wa pamba, ila nyeupe, kwa kuwa niliona nyeusi ni rangi ya msiba na mimi msiba nilikuwa nimeumaliza. Safari hii, angalau, nilikuwa na akili ya kuijaribu kwanza. Niliivaa juu ya wale bata, nikajimwagia ndoo ya maji bafuni na kujitazama kwenye kioo. Kitambaa cheupe kikiwa kikavu huutawanya mwanga na kuficha kilicho ndani, lakini maji yakijaza nafasi baina ya nyuzi, mwanga hupita. Niliweza kuwahesabu bata mmoja mmoja. Walikuwa kumi na saba. Nikarudi dukani kuchukua nyeusi.

Siku ya pili darasani nilikwenda kama nilivyoagizwa tangu mwanzo: bukta nyeusi fupi, ya nailoni, inayovutika, na juu sikuvaa chochote. Nilimletea bibi taulo jipya jeupe, likiwa limekunjwa vizuri. Alilipokea, akalitandaza, kisha akanitazama tena kuanzia shingoni kushuka chini, kama ile mara ya kwanza. Napaswa kueleza kwamba rangi ya ile fulana ilikuwa imehamia kwenye ngozi yangu, na kwa siku tatu sabuni haikuwa imefanikiwa kuitoa.

"Sasa umependeza, mwanangu," alisema, akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Fulana ya leo ndiyo yenyewe. Imekukaa barabara, utadhani ngozi."

Nilimshukuru, nikavuta tumbo ndani, na sikumwambia lolote.