Mtaalamu wa Misitu kutoka Ilala

Chanzo chote ni mdomo wangu. Kwenye kikao cha Ijumaa, afisa utumishi alitangaza kwamba safari hii hatuendi ufukweni Bagamoyo kula mishikaki kama tulivyozoea, tunakwenda kulala kwenye mahema msitu wa Amani, huko Usambara. Watu wakaguna. Mimi nikacheka. "Hema tu jamani? Sisi kijijini tumelala porini na mbuzi!"

Mama mkurugenzi akanitazama, mara ya kwanza tangu niajiriwe. "Safi sana. Basi wewe ndiye kiongozi wetu huko."

Hapo ningeweza kujisahihisha. Sikujisahihisha. Utamu wa kutazamwa na mkurugenzi huujui mpaka uwe mhasibu msaidizi miaka sita.

Muheza wauza machungwa waliizunguka Kosta yetu, tukanunua mpaka njia ya katikati ikaziba. Baada ya hapo lami ikatuaga, tukalipa kiingilio getini Sigi, tukaanza kupanda mlima kwa kona ambazo dereva alizikata huku anaongea na simu. Kila tukisimama ni "Mtaalamu, huu mti gani?" Nami najibu, "Mvule." Wa pili? Mvule. Wa tano nao mvule, ila mchanga. Mzee aliyekuwa akituongoza alikohoa tu. Hatimaye akavunja jani la mmoja wa mivule yangu, akamnusisha mama mkurugenzi. Mdalasini. Kumbe Wajerumani walianza bustani ya mimea pale mwaka 1902, wakaleta miti kutoka pembe zote za dunia. Wangenionya.

Kusimamisha hema langu kulichukua saa moja na nusu. Fito moja ikabaki. Nikawaambia wenzangu ni ya akiba.

Usiku baridi ilishuka, ile ya kuvaa koti ndani ya blanketi. Kama saa nane hivi nikasikia mlango wenye bawaba kavu unafunguliwa taratibu. Kraaa. Kraaa. Nikajiuliza, msituni mlango umetoka wapi? Sauti ikapanda, ikapanda tena, ikamalizikia kwenye ukelele wa mtu anayenyongwa, juu kabisa ya kichwa changu. Nikajua mwenzetu wa manunuzi ameshachukuliwa. Nilisoma dua zote ninazozijua, nikaongeza na mbili za dini ya jirani.

Kisha nikaamua kukimbilia kwenye Kosta. Zipu ikakwama. Nikaivuta kwa nguvu zote, na hapo ndipo ile fito ya akiba ilipojulikana kazi yake: hema zima likang'oka, nikatoka nalo, linaburuzika nyuma yangu kama shela la bibi harusi. Kosta imefungwa. Nikasimama pale mlangoni, nagonga, namwita dereva kwa jina la mama yake.

Kosa lilikuwa kusimama.

Siafu wana adabu moja mbaya: wanakupanda kimya kimya, hakuna anayeng'ata kwanza, mpaka jeshi zima limefika linakotaka kufika. Halafu ni kama mtu kapuliza filimbi. Sikuvua suruali; suruali na mimi tuliachana. Nilipiga yowe ambalo yule wa juu ya mti alinyamaza kusikiliza.

Tochi zikawaka. Kumi na moja, na kali kuliko zote ni ya mama mkurugenzi. Mimi katikati, naruka, nimebaki na bukta nyekundu ya Simba. Na mama ni Yanga wa damu.

Mzee alikuja bila haraka, akaniketisha, akaanza kunibandua siafu mmoja mmoja. Mwili anauvuta, kichwa kinabaki kimeng'ang'ania.

"Nani kanyongwa?" nikamuuliza.

"Perere huyo."

"Mkubwa?"

"Kama sungura hivi. Anakaa juu ya miti. Wasomi wanasema ni ndugu wa tembo, na usiku analia hivyo hivyo, anawasiliana na wenzake." Akatulia, akabandua mwingine, karibu na mahali ambapo sitapataja. "Sasa mwanangu, huko kijijini kwenu, kwenye mbuzi, ni wapi hasa?"

Nikatazama tochi zote zile. Hakuna iliyozimwa.

"Ilala Bungoni, mzee."