Misitu ni Mali: redio ya taifa ilifundisha nini, na wapi ilinyamaza

Mkaa ukipanda bei au mto ukikauka, hakosi kutokea mtu wa kutukumbusha kwamba zamani redio ilikuwa inaelimisha watu, si kama hizi za leo za muziki na kubeti. Anachokikumbuka mara nyingi ni kampeni za Radio Tanzania Dar es Salaam. Kumbukumbu hiyo si ya uongo. Ila ni nusu ya habari, na hiyo nusu nyingine ndiyo inayonikera kila nikisikia RTD ikisifiwa.

Tuanze na sifa, maana zinastahili. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikusanya watu wapatao milioni 2. Chakula ni Uhai ikafuata 1975, na 1980 ikaja zamu ya misitu: Misitu ni Mali. Redio peke yake isingeweza kazi ile. Wanakijiji walikaa kikundi, darasani au chini ya mti, redio ikawashwa saa ya kipindi. Kipindi kikiisha, kiongozi wa kikundi anaizima, anafungua kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu waliotoka kwenye kisomo juzi tu, mmoja anasoma kwa sauti, kisha maswali yanaanza. Hapa kwetu hali ikoje? Tufanye nini? Nani ataanza, na lini? Kwenye Mtu ni Afya jibu lilikuwa kuchimba choo, kufyeka majani na kufukia madimbwi. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu.

Leo ujumbe wa mazingira unaishia kwenye simu. Mtu anautazama, anautuma kwenye kundi la WhatsApp, na hakuna anayemuuliza utaanza lini. Hapo wanaoisifu RTD wana hoja, na sioni jibu zuri kutoka upande wa pili.

Tatizo ni kwamba msitu si choo. Choo ni jambo la kaya: ukikosa, sababu ni wewe na jirani yako. Miti iliisha kuzunguka vijiji vingi kwa sababu ambazo mwanakijiji hakuzitunga. Operesheni Vijiji ya 1974 ilihamisha mamilioni ya watu na kuwabananisha sehemu moja, kila kaya ikitafuta kuni, boriti na shamba mahali palepale. Wanawake wakaanza kwenda mbali zaidi kutafuta kuni, mwaka hadi mwaka. Halafu redio ikaja na kuwaambia wapande miti. Ushauri mzuri, lakini mtangazaji wa serikali hakuwa na nafasi ya kusema mipango ya serikali ilichangia uhaba huo. Wala kijitabu hakingeweza kulijibu vizuri swali la kwanza la mkulima yeyote: mti nikiupanda, ni wa nani?

Tusiionee RTD, kwani 1980 ulikuwa mwaka mgumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimeisha mwaka uliotangulia na hazina imekauka, mafuta ghali, na baada ya muda hata betri za redio zikawa za kutafuta kwa tochi. Wala hakukuwa na mfanyabiashara aliyekuwa tayari kupeleka sauti hadi vijiji vile. Lakini ukata hauelezi ukimya. Kilichoeleza ukimya ni nani alikuwa na funguo za studio.

Jirani zetu Kenya walioneshwa jambo hilo wazi zaidi. Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Sehemu yake ingekuwa makao ya Kenya Times, gazeti la chama tawala, KANU. Yaani chombo cha habari chenyewe ndicho kilichotaka kulamba bustani ya umma. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, alipopinga kwa barua baada ya barua, wabunge walimkejeli bungeni. Mradi ulikufa wafadhili wa nje waliposita, na walisita kwa sababu kelele zilivuka mipaka.

Sisi tulipata kipimo chetu kwenye delta ya Rufiji. Mikoko ya pale ni msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake kwenye pwani ya Afrika Mashariki, hekta zipatazo 53,000. Mwaka 1997 serikali ilikubali mradi wa kampuni moja wa kufuga kamba humo, ingawa wataalamu wa Baraza la Mazingira, NEMC, walishauri ukataliwe. Kama ingekuwa enzi ya redio moja, habari ingekuja kama taarifa ya maendeleo na kufungwa kwa muziki. Lakini tayari kulikuwa na magazeti binafsi, na tangu 1991 kulikuwa na JET, chama cha waandishi wa habari za mazingira. Waandishi wakaifuatilia, wanasheria wakaingia, wanakijiji wakaenda Mahakama Kuu. Mabwawa yale ya kamba hayakujengwa.

Kwa hiyo vyombo huru vimeshinda? Ningependa kusema ndiyo. Ila mikoko ya Rufiji imeendelea kukatwa kupisha mashamba ya mpunga, kidogo kidogo, na mikono mingi isiyo na kibao cha kampuni. Magazeti yaliyosimama kidete mwaka 1997 hayana hamu na habari hiyo. Mwandishi anajua kumwandama mwekezaji. Mkulima mwenye panga na watoto sita hampi kichwa cha habari. Na uharibifu mwingi wa misitu yetu, mkaa ukiwemo, ni wa namna hii hii. Kwa aina hiyo ya tatizo, kikundi cha 1980 kilikuwa chombo bora kuliko ukurasa wa mbele.

Shinyanga ndiko mambo yalikokaribia kukaa sawa. Mapori yake yalifyekwa tangu enzi za mkoloni ili kufukuza mbung'o, kisha kuhamishiwa watu vijijini kukavuruga ngitili, yaani malisho ambayo Wasukuma huyafunga masika ili kiangazi yalishe ndama na maksai wa kulimia. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 uliwaonesha watu video na maigizo, lakini pia uliwaacha waseme wenyewe nini kirudishwe. Wakasema ngitili. Sheria zikatungwa kwenye dagashida, mkutano wao wa jadi, na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakazisimamia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Kilichonigusa zaidi ni kwamba swali la mti ni wa nani lilipata jibu: ngitili ilikuwa na mwenyewe, awe kaya au kijiji.

Nikipewa leo fedha ya kampeni ya mkaa sitainunulia matangazo ya sekunde 30. Nitatafuta redio ya jamii, Kilwa au Kilosa, nilipe viongozi wa vikundi na kuchapa kijitabu. Sharti langu litakuwa moja: kipindi cha kwanza kianze na ofisa wa misitu mezani, aulizwe hewani vibali vya kuvuna vya wilaya ile amepewa nani, na ushuru wake umeishia wapi.