Alumini imesingiziwa, kosa liko kwenye kiungio

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme hapa Kisumu, kuanzia Kibuye hadi Kondele, mnunuzi wa waya huuliza swali moja kabla ya yote: hii ni kopa? Akiambiwa ndiyo, ni shaba, wanaanza kupatana bei. Akiambiwa ni alumini, anausukuma waya kando, na fundi aliyekuja naye anamwunga mkono: hiyo itakuchomea nyumba. Ukienda Kakamega au Nakuru utasikia maneno yaleyale. Shaba ndiyo metali ya stima, alumini ni ya sufuria na fremu za madirisha.

Hofu hiyo ina asili yake, na nitaifikia. Lakini stima inayomfikia mnunuzi huyo imesafiri karibu njia nzima ndani ya alumini. Laini kubwa inayotoka kwenye mitambo ya kuzalisha umeme ya Olkaria kupitia Lessos na kuteremka hadi Kisumu imesukwa kwa nyuzi za alumini zilizozungushiwa uti wa chuma. Nyaya nyeusi zilizosokotwa pamoja, zile zinazopita nguzo hadi nguzo mitaani, ndani yake ni alumini pia. Wahandisi hawakuichagua kwa ubahili peke yake.

Tuanze na upande ambao shaba inashinda bila ubishi. Shaba hupitisha umeme kuliko metali zote isipokuwa fedha. Alumini ya unene uleule hupitisha takriban asilimia 61 tu ya kiasi hicho. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi joto 1085, alumini kwenye 660. Shaba huvumilia kukunjwa na kukunjuliwa, ilhali waya mwembamba wa alumini ukikunjwa mara chache pahali pamoja hukatika. Shaba hukubali risasi ya kulehemu bila taabu, alumini huikataa. Mota ya mashine ya kusaga unga ikiungua, fundi anayeisuka upya ana nafasi finyu ya kupitishia nyaya kwenye chuma cha ndani, na nafasi hiyo haipanuki. Akitaka nguvu ileile kutoka kwa mota ileile, shaba ndiyo jibu. Hata waya wa kuzikwa ardhini kwa ajili ya usalama unafaa kuwa wa shaba, kwa sababu udongo wenye unyevu huila alumini. Katika hayo yote sina la kupinga.

Ila ulinganisho wa unene kwa unene unaficha jambo. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina gramu 8.96, na ya alumini ina gramu 2.70. Tuseme unataka waya wa alumini upitishe umeme sawasawa na wa shaba. Utauongezea unene hadi eneo la mkato wake lizidi la shaba kwa takriban asilimia 64. Baada ya kuunenepesha hivyo, uweke kwenye mizani: uzito wake ni nusu ya ule wa shaba. Kilo kwa kilo, alumini inabeba umeme maradufu.

Hesabu hiyo ndiyo iliyojenga gridi za dunia, nasi huifikiria kwa nadra sana. Waya unaoning'inia kati ya mnara na mnara unajibeba wenyewe. Ukiwa mzito, unalegea zaidi na kukaribia ardhi, na unaivuta minara kwa nguvu zaidi. Itabidi minara ikaribiane, iwe mingi, na kila mmoja uwe imara kuliko sasa. Kutoka Lessos, juu huko Nandi, laini inateremka kwa mamia ya mita za mwinuko hadi uwanda wa Kano, ikivuka mabonde yasiyo na mahali pa kusimamisha mnara. Kwa shaba, kazi hiyo ingedai chuma na saruji nyingi zaidi, na gharama yake ingeishia kwenye bili ya mteja.

Sasa hofu yenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 bei ya shaba ilipanda, na Marekani ikaanza kuzifunga nyumba kwa nyaya za alumini hadi kwenye soketi. Moto ukafuata. Tume ya serikali yao ya usalama wa bidhaa ikatoa takwimu inayonukuliwa hadi leo: nyumba zenye nyaya za alumini zilizotengenezwa kabla ya 1972 zina uwezekano mara 55 zaidi ya zile za shaba wa kuwa na kiungio kimoja au zaidi kwenye soketi kilichofikia hali ya hatari ya moto.

Mara 55 ni nyingi, na kumkejeli anayeogopa ni kumkosea. Ila isome tena polepole. Haisemi waya, inasema kiungio. Mita nyingi za waya zilizokuwa ukutani hazikuwa tatizo, tatizo lilikuwa ile milimita chache iliyobanwa chini ya skrubu. Tena inataja nyaya za kabla ya 1972, yaani alumini laini karibu safi, kabla ya aloi mpya zenye chuma kidogo ndani yake kuchukua nafasi.

Kilichotokea chini ya skrubu ile kinaeleweka vizuri. Waya ukibeba mzigo hupata joto na kutanuka, ukipumzika hupoa na kusinyaa. Kwa kila nyuzi moja ya joto, mita ya alumini hutanuka maikromita 23, ya shaba takriban 17, ya chuma takriban 12. Miaka ileile watengenezaji wa soketi walikuwa wameacha skrubu za shaba ya njano, ambazo hutanuka takriban 19, wakahamia za chuma kwa kuwa ni za bei rahisi. Alumini ikawa inatanuka karibu maradufu ya skrubu iliyoibana. Kwa kuwa ni laini, inabonyea. Ikipoa hairudi ilivyokuwa, na pengo dogo linabaki. Hewa ikiingia humo, alumini inajivika oksidi papo hapo, ngozi ngumu isiyopitisha umeme na isiyoyeyuka hadi nyuzi 2072. Umeme unalazimika kupenya sehemu chache zilizobaki wazi, joto linazidi, pengo linapanuka. Shaba nayo hupata oksidi, lakini yake ni laini na hupitisha umeme kiasi, kwa hiyo fundi mzembe anasamehewa. Alumini haimsamehi. Ukweli huo ni wa kuambiwa mafundi, na hautoshi kuifukuza metali yenyewe.

Kwetu kuna jambo la pili. Alumini na shaba zikigusana penye maji, zinakuwa betri. Kwenye mizani ya kemia alumini iko voti 1.66 chini ya sifuri, shaba 0.34 juu yake, na inayoliwa ni alumini. Unyevu wa Kisumu unatosha kuianzisha kazi hiyo. Fungua boksi la mita ambamo waya wa alumini kutoka kwenye nguzo umesokotwa mkono kwa mkono na waya wa shaba wa nyumba, kisha ukafungwa tepu nyeusi. Utakuta unga mweupe kama chokaa kwenye msokoto, na plastiki iliyo karibu imegeuka kahawia na kukauka. Wengi wakiona hivyo hulaumu alumini. Mimi namlaumu aliyesokota. Kuna lagi, yaani vipande vya metali vya kubania ncha za waya, za pande mbili, upande mmoja alumini na mwingine shaba, zilizounganishwa kiwandani pasiwe na njia ya maji. Kuna grisi maalumu ya kuzuia hewa. Waya unakwaruzwa kwa brashi, unapakwa grisi hapohapo, unabanwa kwa koleo lake.

Adui wa tatu anajulikana na kila mpishi wa mrenda. Sufuria inayopikiwa mboga hiyo kwa munyu wa majivu au magadi mara kwa mara hufifia ndani na kuanza vishimo, kwa sababu alumini huliwa na asidi na alkali pia. Saruji mbichi ni alkali. Waya wa alumini ulio uchi hautakiwi kamwe kufunikwa kwa plasta.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sifa mbaya ya alumini sasa inalishwa na udanganyifu. Kuna waya wa alumini uliopakwa shaba kwa nje na kuuzwa kama kopa kamili. Unapitisha karibu theluthi mbili tu ya shaba halisi, lakini umepewa mzigo wa shaba halisi. Ukwaruze kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, umeibiwa. Nyumba ikiungua, alumini inalaumiwa, ilhali aliyetajirika ni aliyeandika uongo kwenye lebo.

Na kuna wezi. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu ya umma, ikiwemo ya umeme. Kwenye mizani ya skrapu kilo ya shaba ina bei kubwa kuliko ya alumini, na mwizi anaijua tofauti hiyo. Kila shaba inayotundikwa nje bila sababu ni mwaliko kwake.

Kwa hiyo nyaya nyembamba za ndani ya nyumba, za taa na soketi, ziache ziwe za shaba. Viungio ni vingi mno humo, na mafundi wenye lagi na grisi ni wachache mno. Lakini mkulima wa Ahero anayevuta stima mita 200 kutoka barabarani hadi kwenye pampu yake asikubali kutishwa. Kama alipimiwa shaba ya milimita mraba 10, alumini ya 16 itamfanyia takriban kazi ileile. Kila uzi wa shaba kwa umbali huo una karibu kilo 18, wa alumini hauzidi 9. Viungio vyake ni viwili, kimoja kila mwisho, na hivyo viwili ndivyo vya kumsimamia fundi hadi avibane sawasawa.