Siku tisini baina ya kliniki na kliniki

Kabatini mwa shangazi yangu mwenye kisukari, Wete, kisiwani Pemba, mna mashine tatu za kupimia sukari ya damu. Moja alipewa siku ya upimaji wa bure, moja aliletewa na mwanawe kutoka Muscat, na ya tatu nilimnunulia mimi. Zote nzima, zinawaka ukibonyeza, na hakuna hata moja inayoweza kumpima. Kila mashine hula stripu zake tu, vile vijiti vya kudondoshea tone la damu. Za kampuni hii haziingii kwenye mashine ya kampuni ile. Kila zilipokwisha alizunguka maduka ya dawa ya Wete, akaagizia Chake Chake, akaagizia Unguja, mwisho akachoka. "Mashine ninazo, mwanangu," aliniambia, "zinakufa njaa."

Mwaka juzi, msimu wa karafuu, alikuwa uani akianika. Jioni akaona alama za damu juu ya mkeka, akawauliza watoto nani kajikata. Watoto wakatazamana. Damu ilikuwa yake. Msumari mdogo ulikuwa umeingia chini ya dole gumba wala yeye hakuhisi kitu, kwa sababu sukari ikikaa juu miaka mingi huzifisha neva za miguu, mtu akawa anakanyagia nyayo zisizomwambia lolote. Kile kidonda alikifunika kwa kanga na kwa haya, wiki tatu. Siku tuliyompeleka hospitali sukari yake ilisoma 22 (milimoli kwa lita, kama vipimo vyote humu), juu mno. Mara ya mwisho kupimwa ilikuwa kliniki iliyotangulia, miezi mitatu nyuma. Akakatwa vidole viwili.

Tangu hapo mimi na wenzangu wawili, mmoja muuguzi mstaafu na mwengine mwenye duka la dawa, tumo katika kupanga biashara ya kijamii ya huduma za kisukari hapa Pemba. Biashara ya kijamii maana yake ni biashara inayojilipa yenyewe, na faida yake ikarudi kwenye kazi badala ya kuingia mifukoni mwa wenyewe. Naandika haya kwa sababu mpango wetu wa kwanza ulikuwa na kosa, na naona wengi wenye nia kama yetu wanaelekea kwenye kosa hilo hilo.

Tulianza na jengo. Tulichora kliniki Chake Chake: vyumba vinne, maabara, kiyoyozi, bango la rangi ya buluu. Tukahesabu kodi ya nyumba, mshahara wa daktari, umeme. Hesabu ilipogoma kukaa sawa tukapandisha bei ya kumuona daktari, kisha tukaipandisha tena, mpaka yule muuguzi akaweka kalamu chini akauliza: mgonjwa akija hapa atapata nini ambacho hakipati Wete au Mkoani?

Swali lile lilitunyamazisha. Pemba ina watu zaidi ya 543,000 kwa sensa ya 2022, na hospitali zipo: Chake Chake, Wete, Micheweni, Abdalla Mzee kule Mkoani. Madaktari wapo, foleni ni ndefu, dawa kuna siku ipo na kuna siku haipo, lakini kliniki ipo. Shangazi yangu hakuwahi kukosa kliniki hata moja. Vidole vyake vilipotea ndani ya zile siku tisini baina ya kliniki na kliniki, siku ambazo hakuna aliyempima, hakuna aliyemtazama nyayo, na yeye mwenyewe hakuwa na njia ya kujua sukari imefika wapi. Maradhi haya hayasubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Kwa hiyo tunachotaka kukiuza sisi ni hizo siku tisini.

Jengo tukaliacha. Badala yake tunataka kuweka vituo vidogo kwenye mabaraza ya watu. Kila kituo kinakuwa na mlezi mmoja, mwanamke wa mtaa huo huo aliyefunzwa, na mashine moja ya aina ile ile kwa vituo vyote, na stripu zake. Nieleze kwa nini stripu ziwe za pamoja, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kasha la kawaida lina stripu 50. Mtu anayejipima mara moja kwa wiki humaliza kasha karibu mwaka mzima, na kichupa kikishafunguliwa, nyingi haziaminiki tena baada ya miezi michache. Ongeza unyevu wa kisiwa chetu, na mtoto aliyeacha kifuniko wazi usiku wa mvua za masika. Unanunua 50, unatumia 15, zilizobaki zinakudanganya. Watu 40 wakitumia kasha moja, kwa mara moja kila wiki kila mtu, linakwisha kwa siku tisa hivi na haliharibiki hata kijiti.

Kushirikiana huko kuna mpaka wake, na hapa hatutasikiliza udhuru wa mtu. Sindano ya kutobolea kidole ni ya mtu mmoja, mara moja, kisha inaingia kwenye boksi gumu la taka za sindano. Nimeona kwa macho yangu kalamu moja ya kutobolea ikizungushwa kwenye foleni ya upimaji, inabadilishwa stripu tu. Homa ya ini hupita hapo hapo. Mlezi atakayerudia sindano hatutakuwa naye tena, hata akiwa ndugu yangu wa tumbo moja.

Mlezi si daktari na hatampangia mtu dawa. Kazi yake ni kupima, kuandika kwenye daftari na kujua lini aite msaada. Sukari ikisoma chini ya 4, pale pale mgonjwa anakunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari au nusu glasi ya soda yenye sukari, anapimwa tena baada ya dakika 15. Asubuhi kabla ya kula ikisoma 7 au zaidi kwa mtu asiyejijua kuwa ana kisukari, anaandikiwa barua ya kwenda kupimwa vizuri hospitali. Ikiwa juu sana na mtu anatapika au anapumua kwa kasi, hapo hakuna barua, inatafutwa gari. Zanzibar tayari ina wahudumu wa afya wa kujitolea kwenye mpango wa Jamii ni Afya, wanapita nyumba kwa nyumba na simu zao, zaidi kwa ajili ya kina mama na watoto. Ningependa walezi wetu wafanye kazi bega kwa bega nao. Kuanzisha jeshi la pili kwenye shehia moja ni kuwachosha watu.

Kisha miguu. Kwetu mtu havuki kizingiti na viatu. Anavua mlangoni, anaingia. Wagonjwa wetu watakuwa wameshavua kabla hatujawaomba. Mlezi ataangalia baina ya vidole, kisigino, chini ya dole gumba, atagusa nyayo kwa uzi wa nailoni ule unaopinda kwa uzito wa gramu 10, na kumuuliza mtu huku amefumba macho: unasikia? Ni kazi ya dakika tatu isiyotaka umeme. Lau shangazi yangu angeulizwa swali hilo mara moja kwa mwezi, tungejua mwaka mzima kabla ya ule msumari kwamba nyayo zake zimekufa ganzi, na angekuwa anaanika karafuu na viatu miguuni.

Nilipoyaeleza haya barazani kwetu, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinikata kauli. "Kumbe mnataka kuuza maradhi," alisema. Neno lake lilinichoma, na sikulichukulia kuwa ni la kijinga. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilitangaza matibabu bure, na kizazi chake kimekua kikijua kwamba dawa hainunuliwi. Nilimjibu: mzee wangu, maradhi tayari yanauzwa. Shangazi yangu alinunuliwa mashine, akalipa nauli za Chake na stripu zilizooza, na mwisho alilipa vidole. Sisi tunataka alipe kidogo, kwa kitu kinachomfikia.

Lakini jibu hilo halitoshi mpaka bei iwe ya haki. Mfano ninaourudia kila mara ni hospitali ya macho ya Aravind, Madurai, India. Daktari Govindappa Venkataswamy aliianza mwaka 1976, ameshastaafu serikalini, kwa vitanda 11. Wanaoweza kulipa hulipa, na malipo yao hubeba upasuaji wa wasioweza. Wao walikuwa na wagonjwa wenye pesa mjini. Sisi Wete na Konde tutawapata wapi? Jawabu tuliliona kwenye kabati la shangazi: ile mashine ya Muscat. Karibu kila nyumba Pemba ina mtu wake Oman, Dubai, Dar es Salaam au Uingereza, na mtu huyo anatuma pesa na vitu kwa mapenzi, bila kujua kinachohitajika ni kipi. Huyo ndiye mteja wetu mkubwa. Alipe uanachama wa mama yake na wa jirani mmoja wa mama yake, na kila wiki apate ujumbe kwenye simu: sukari ya mama leo 8, miguu mizima.

Hesabu ya baraza moja ni hii. Watu 40, vipimo vinne kwa mwezi kila mmoja, jumla vipimo 160. Ishirini wanalipa wenyewe shilingi 4,000 kwa mwezi. Kumi wanalipiwa na watoto wao walio nje, 8,000 kila mmoja. Kumi hawalipi kitu, na hakuna barazani anayejua ni nani isipokuwa mlezi. Inakuja shilingi 160,000, yaani 1,000 kwa kipimo. Humo zitoke stripu, sindano, posho ya mlezi na nauli ya muuguzi. Inabana, sitaki kumficha mtu. Mwaka wa kwanza tutahitaji mkono, na tukifika mwaka wa pili bado tunaomba, basi tulichojenga kitakuwa ni sadaka yenye jina la biashara.

Na wale ishirini, wengi wao hawana 4,000 kila mwezi. Wana pesa msimu wa karafuu. Ukimdai mkulima wa Pemba kila mwisho wa mwezi unamfundisha kukukimbia. Tunataka alipe ya mwaka mzima siku anazotoka kuuza karafuu zake ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, akiwa na noti mkononi, na miezi ya ukame asiulizwe. Hili linatulazimisha kuweka akiba wakati wa mavuno na kuila taratibu, kama kila nyumba ya kisiwa hiki inavyofanya. Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar nao umeanza kazi, na siku utakapokubali kulipia vipimo vya mtaani kama vyetu mambo yatakuwa mepesi zaidi. Sitaki kupanga kwa kuitegemea siku hiyo.

Kuhusu nani awe mwenye mali, nimewaambia wenzangu tutazame wakfu. Mababu zetu walijua kufunga mali isiliwe: nyumba ya Mji Mkongwe inapangishwa, kodi yake inaendesha msikiti, na hakuna mrithi anayeweza kuiuza. Hiyo ni biashara ya kijamii iliyokuwepo kabla jina hilo halijazaliwa. Mashine na akiba yetu vifungwe kwa namna hiyo, ili sisi watatu tukigombana au tukifa, watoto wetu wasigawane stripu za watu.

Ramadhani inanitia hofu kuliko miezi mengine yote. Watu wanafunga huku wakimeza dawa zile zile za siku ya kula, sukari inashuka Alasiri, na usiku kaimati, tambi na uji wa sukari vinaipandisha juu. Qur'ani yenyewe, Al-Baqara aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine. Na wanazuoni wengi wameshasema kutoboa kidole kupima sukari hakufunguzi. Miongozo ya kimataifa inamtaka mfungaji afuturu papo hapo sukari ikiwa chini ya 4 au ikipita 16.6. Maneno haya yakitoka kwa muuguzi peke yake hayatafika mbali. Tunataka maimamu wa mtaa wayaseme Shaabani, pamoja na sisi, na mabaraza yawe wazi Alasiri mwezi mzima.

Hatutauza habasoda, uwatu wala chupa ya dawa ya majani yenye kuahidi kuponya kisukari. Faida yake ni kubwa na tungeweza kulipia baraza zima kwa chupa hizo. Mtu akitaka kutia uwatu kwenye mboga yake atie, mradi asiache metformini yake, dawa ya kisukari aliyopewa hospitali, kabatini.

Baraza la kwanza litakuwa la shangazi. Ametoa mwenyewe, na mkeka mpya. Tulipomweleza yote hayo alisikiliza kimya, kisha akauliza swali moja: "Na hizo stripu zitakuwepo mfungo sita?" Yaani mwezi wa sita baada ya Ramadhani. Ndiyo maana tunafungua baraza moja, wala si matano kama tulivyoota. Tumenunua makasha 20, yanatosha watu 40 kwa miezi sita, na yule mwenye duka la dawa kayafungia mahali pakavu. Jina la mtu wa 41 hatutaliandika mpaka tuwe na stripu zake mkononi.