Siku Tuliyokwama Dunga

Nilikuwa na umri wa miaka 21, na yule binti nilikuwa nimemfahamu kwa siku 11, nilipoamua kwamba Jumamosi ile haingepita kabla sijamvisha pete. Niliinunua pete yenyewe sokoni Kibuye kwa kukisia, kwa sababu kumuuliza binti ukubwa wa kidole kungefichua siri, na kumwomba muuzaji ushauri kungenishushia hadhi. Niliijaribu kwenye kidole changu cha mwisho, nikaridhika.

Tulipofika Dunga, ufuoni mwa Ziwa Viktoria huko Kisumu, saa tisa alasiri, mzee mwenye mashua aliyatazama maji kwa muda, kisha akaniambia kwa upole, "Kijana wangu, upepo umeanza kuvuma. Njooni kesho asubuhi."

Msomaji asidhani kwamba sikulijua gugu maji, lile linaloelea na kusukumwa na upepo. Mmea huo wa Amerika Kusini ulikuwa ziwani kabla mimi sijazaliwa, na mazingira yakiufaa huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi, kasi ambayo penzi langu lilikuwa limekwisha kuipita. Lakini binti alikuwa ameketi tayari ndani ya mashua, na sikutaka anione nikikatazwa jambo. Nikaongeza shilingi 300 juu ya nauli. Mzee akawasha injini, asiseme neno tena.

Hatukufika mbali. Upepo ulilisukuma gugu kutoka pande mbili, panga la injini likajisokota mizizi, injini ikakohoa na kuzima, na mara tukawa tumezungukwa na kijani kitupu, kana kwamba tumeegesha mashua katikati ya shamba la sukuma wiki. Mwenye busara angenyamaza. Mimi nilipiga goti. Mashua ikayumba, binti akapiga yowe na kunikumbatia shingoni, nami nikalihesabu yowe lile kuwa ndiyo. Nikaisukuma pete kwa nguvu zangu zote hadi ikavuka kifundo cha kidole.

"Itoe," akasema.

"Kwa nini, mpenzi?"

"Kwanza inaniumiza. Pili, mimi ninaogopa maji. Nimekuja kwa sababu ulisema tunakwenda kula samaki. Tatu, hujaniuliza."

Pete haikutoka. Tulijaribu mate, tukajaribu maji ya ziwa, mwishowe mzee akanipa oili ya injini bila kunitazama usoni. Kwa muda wa saa tatu nilimpaka oili kidoleni binti aliyekuwa amekwisha kunikataa, huku kiboko akikoroma mahali fulani ndani ya magugu, na kila alipokoroma, binti alinitazama kana kwamba ni mimi niliyemfuga.

Giza lilikuwa limeingia wavuvi walipotufikia wakifyeka gugu kwa mapanga. Aliyetangulia, kwa bahati yangu, alikuwa mjomba wake.

"Na huyu ni nani?" akauliza, akinimulika kwa tochi.

Binti akauficha mkono wake wa kushoto ndani ya leso. "Ni abiria mwenzangu, mjomba."

"Basi abiria mwenzako ashuke, atusaidie kuvuta."

Nikashuka; maji na magugu yakanifika kifuani. Jumatatu mdogo wake aliniletea pete ikiwa imekatwa kwa msumeno na fundi wa baiskeli, pamoja na salamu kwamba fundi anadai shilingi 50.