Vita viko huko, foleni niko mimi

Jamani mi sina ugomvi na mtu, lakini kila wakigombana watu nisiowajua, anayepanga foleni ni mimi. Shuleni jiografia nilikuwa napewa maksi za huruma, leo niamshe hata saa nane usiku nitakwambia mlango bahari wa Hormuz, ule wa kati ya Iran na Oman, pale ulipobana una upana wa kilomita 33 hivi na kwamba siku za amani karibu moja ya tano ya mafuta yanayotumika duniani yanapita humo. Nimesomea wapi? Sheli. Masaa matatu nyuma ya gari lisilosogea unatoka na digrii.

Juzijuzi niliagiza viatu vya mwanangu vya shule. Kumbe tangu mwisho wa 2023 meli kibao zinaiogopa Bahari ya Sham kwa sababu ya makombora, zinazunguka Afrika nzima kupitia Rasi ya Tumaini Jema, ongeza siku kumi mpaka wiki mbili hapo. Viatu vimefika, mguu umeshaondoka. Sasa navivaa mimi vikiwa nusu, kisigino kiko nje kinapunga upepo.

Na nauli! Vita vilipoanza nauli ikapanda siku hiyohiyo, konda hakusubiri hata taarifa ya habari iishe. Baadaye mafuta yakashuka nikamkumbusha kwa upole, akaniangalia kama nimemtukania ukoo, anasema mzee hayo mafuta ni ya zamani bado hayajaisha. Yakipanda ni ya leo, yakishuka ni ya zamani. Wenye kupanda ndege nao walie kivyao, anga la Urusi lilipofungwa kwa ndege za Ulaya 2022 safari ya Helsinki kwenda Tokyo ikatoka masaa 9 hivi ikawa 13, yaani masaa manne ya ziada unaegemewa bega na mtu anayekoroma na hakuna wa kumshtaki.

Vita Vikuu vya Pili Waingereza walibandikiwa mabango yanayowauliza kama safari yao kweli ni ya lazima. Nyumbani kwangu hatuhitaji bango, mama watoto yupo mlangoni: unaenda wapi, kwani lazima? Marekani wao 1943 serikali ilipiga marufuku mkate uliokatwa tayari, watu wakapiga kelele mpaka marufuku ikafutwa, haikumaliza hata miezi miwili. Hao ndo wenzangu, mtu avumilie vita lakini asiguswe slesi yake.

Ila waliokuwa wananichekesha kuliko wote ni Wajapani. Oktoba 1973 vita viko Mashariki ya Kati, mafuta yakapanda, wao wakakimbilia madukani kugombania karatasi za chooni! Nimewacheka hao watu miaka, mpaka wiki iliyopita nilipofungua kabati kutafuta shati nikaangukiwa na sabuni. Arobaini na moja, nimezihesabu. Nilimsikia tu mtu dukani anasema "nasikia itaadimika", sikumuuliza ni nini kitaadimika, nikabeba.

Sasa kali zaidi ni hili dumu. Nimekesha sheli, gari linanguruma muda wote maana ukizima haliwaki tena, nimechoma karibu wese lote nililokuja nalo ili nipate wese. Nikajaza dumu la lita ishirini tu, tanki nikaliacha, dumu nikaliingiza ndani. Mama watoto kaliona, kasema hawashi jiko humo ndani mpaka litoke. Nikalitoa uani nikalala jicho moja wazi wasije wakaliiba. Asubuhi tanki la gari limekauka, nachukua dumu nimimine, mama watoto ananidaka mkono: "Baba, hilo si ulisema la akiba? Vita vikizidi tutakimbia na nini?"

Nikafunga mlango nikaondoka kwa miguu, na vile viatu nusu. Kona ya pili nakutana na jirani, yule aliyekuwa mbele yangu sheli na madumu matatu, naye anatembea, jasho linamtiririka. Tukasalimiana vizuri tu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake gari liko wapi.